Nyekundu Kushoto, Kijani Kulia

Mwanangu Idrisa,

Hali yako siulizi. Umetoka hapa mchana huu kwenda Simbo kumuaga bibi yako ukiwa mzima wa afya, na hiyo afya nimeiona ikimaliza sufuria la wali peke yake. Kesho ukirudi utakuta nyumba imejaa watu, kila mmoja na wosia wake. Mimi mbele za watu siwezi kusema jambo likafika mwisho. Naanza, mtu anadakia, naishia kucheka. Ndiyo maana naandika. Barua haidakiwi.

Habari za kuvaa sweta, kuchemsha maji ya kunywa na kuwasalimia wakubwa wa Kalya nimemwachia mama yako. Anazo nyingi kuliko begi lako litakavyobeba. Mimi ninayo moja tu, nayo inahusu taa.

Najua umeguna. Ujiji nzima inajua habari ya baba yako na taa. Umekua ukiitwa mtoto wa Fundi Kinyume, na nakumbuka siku uliyorudi kutoka shule ukaniuliza kinyume ni kazi gani. Nilikwambia ni aina ya redio. Hadithi unayoijua wewe ni ile ya barazani, ya kuchekesha, ambayo mimi mwenyewe nimesaidia kuinogesha. Lakini kesho baada ya magharibi unashika usukani wa boti ya mjomba wako Sudi, watu na mizigo nyuma yako, giza mbele yako, na mjomba wako ameshakwambia kwamba boti yake haiwashi taa. Nilikuwepo alipokwambia. Nilikuwa nakunywa chai, na niliendelea kunywa.

Taa za majini sikufundishwa na mtu. Kama ilivyokuwa redio, kama ilivyokuwa sola, nilikaa nikatazama hadi kitu kikachoka kunificha siri yake. Enzi hizo meli kubwa ikikaribia kuingia bandarini Kigoma jioni, nilikuwa naacha kazi, napanda kilimani, nakaa kwenye jiwe. Mbele yake ilikuwa na rangi mbili. Nikanyoosha mikono kama mtu anayepimwa koti na fundi cherehani: nyekundu mkono wa kulia, kijani mkono wa kushoto. Nikaenda jioni nyingine, ikawa vilevile. Nikaenda tena. Nikarudi nyumbani nikijiona nimeiibia serikali siri.

Mjomba wako ndiyo kwanza alikuwa amepata boti yake ya mbao ya kwenda vijiji vya kusini. Nikamwambia, shemeji, boti kubwa namna hii kutembea na tochi ni aibu. Nikamfungia taa: nyeupe moja juu ya mti mfupi, ya kuonekana pande zote, nyekundu ubavu wa kulia, kijani ubavu wa kushoto. Siku ya kuwasha watu wote wa mwalo, pale boti zinapofungwa, walikuja kutazama. Mzee mmoja wa Katonga, mvuvi wa dagaa, aliizunguka boti ile mikono ikiwa mgongoni.

"Fundi, harusi hii ya nani?"

"Si harusi, mzee. Ni sheria."

"Sheria ya wapi?"

"Ya dunia nzima."

"Na dunia nzima inapita hapa?"

Watu walicheka. Na mimi nikacheka, kwa kumhurumia.

Msimu mzima tulitembea hivyo na hakuna lililotokea. Hapo huwa narudi mara nyingi nikiwa peke yangu kibandani. Kosa langu lilikuwa salama kwa sababu tangu Kibirizi hadi Ujiji hapakuwa na mtu wa kulisoma. Wenye mitumbwi waliona rangi, wakasema anapita Sudi na vikorokoro vya shemeji yake, wakapisha. Ningeweza kufunga zambarau.

Aliyetugonga alikuwa anajua kusoma.

Ilikuwa boti ya chuma ya mizigo, inapanda kaskazini kuelekea Kigoma, na nahodha wake alikuwa mtu aliyekaa darasani. Sisi tulikuwa tunatoka ziwani tunakata kuelekea pwani, kushusha watu. Mimi nilikuwemo kwa sababu nilipenda kuziangalia taa zangu zikiwaka. Yule nahodha alituona kwa mbali, kuliani kwake, akaona nyekundu. Mtu anayejua akiona nyekundu kuliani kwake anaelewa mambo mawili papo hapo: kwamba chombo kile kinakatiza mbele yake kuelekea kushoto, na kwamba yeye ndiye wa kupisha. Akafanya alichofundishwa. Akakata kulia ili apite nyuma yetu. Sasa pale alipodhani ni nyuma yetu, palikuwa mbele.

Angekuwa mjinga kama sisi angenyoosha tu, na tungepishana tukipungiana mikono.

Waliokuwa nasi waliruka, na boti ya chuma ikawaokota wote. Wengine unawaona hadi leo pale sokoni, na wananidai hadithi. Lakini boti ya mbao ikipinduka haizami. Inalala kifudifudi kama sufuria lililooshwa, na ndani kunabaki hewa kidogo. Humo ndimo tulimokuwa, mimi na mjomba wako. Tuliwasikia wakizunguka na taa yao kubwa wakituita majina. Tukapiga kelele. Mashine yao ilinguruma, na sauti zetu ziligonga mbao zikaturudia usoni. Mwisho wakaondoka kuwawahisha majeruhi, wakiamini sisi tumeshakwenda chini.

Mkono wa kulia wa mjomba wako ulikuwa umebanwa kati ya ubao wa kukalia na mti wa ubavu uliovunjika. Nilivuta, haukutoka. Mimi sikubanwa na kitu. Ningeweza kupiga mbizi nikatokea nje. Watu husema nilibaki kwa mapenzi, na yeye mwenyewe husema hivyo kwa wageni. Ukweli ni kwamba nilijaribu. Nilizama nikashika ukingo wa boti, nikaona weusi ulioko kule chini, nikarudi juu. Nilibaki kwa woga. Ukitazama kutoka nje, vitu hivyo viwili vinakaa mkao mmoja.

"Shemeji," akaniita.

"Naam."

"Upo?"

"Niende wapi?"

Maji yalikuwa yanatufika kidevuni na kushuka, kidevuni na kushuka.

"Yule mtu kalewa?"

"Yupi?"

"Wa boti ya chuma. Taa zetu zinawaka. Katuona. Kwa nini akate aje kwetu?"

Betri ilikuwa haijafa. Ile nyekundu ilikuwa bado inawaka chini ya maji, ubavuni, na maji yote pale yamekuwa kama juisi ya rozela. Nikaitazama. Nikawaza yule nahodha ameona nini. Nikaikumbuka meli ikiingia Kigoma, na mimi kwenye jiwe langu, nimeielekea, mikono nimenyoosha. Ndipo kwa mara ya kwanza nikapanda ile meli kichwani mwangu. Nikasimama kwenye usukani wake, nikatazama kule kilimani alikokaa yule kijana mjanja. Nyekundu ikahamia kushoto.

"Shemeji," nikasema, "hajalewa. Ni mimi."

Nikamweleza. Maji shingoni, nikamwonesha kwa mikono iliyozama, ambayo hakuiona. Kisha nikasikia anacheka.

"Kwa hiyo msimu mzima tumekwenda kinyumenyume."

"Kwa anayejua kusoma, ndiyo."

"Basi. Yameisha," akasema. "Ila usimwambie dada yangu kwamba nimecheka."

Kulipopambazuka, mtu aligonga mbao juu ya vichwa vyetu. Aligonga taratibu, kama mgeni mlangoni, akasema, "Mwakeye." Na sisi kwa mazoea tukaitikia. Alikuwa Muha mmoja anarudi na dagaa zake. Baadaye alieleza kwamba hakuwa na hakika humo ndani wamo watu au mizimu, akaona salamu ya asubuhi haimuudhi yeyote.

Hapo ndipo hadithi ya barazani huishia, watu wakacheka wakaenda kuswali. Yangu ndipo ilipoanzia.

Ule mkono haukurudi. Unauona ulivyo, vidole vimekunjwa kama mtu aliyeshika kitu asichotaka kukuonesha. Usukani haushiki, kamba ya kuwashia mashine haivuti. Na hajanidai kitu, Idrisa. Watu walimchochea anipeleke baraza la kata, akawaambia shemeji ni shemeji. Alipojenga, akatupa hivi vyumba tunavyokaa, ukuta kwa ukuta na kwake. Angenishtaki, ningefungwa au nisingefungwa, na lingekwisha. Amenisamehe, na kila siku naye anavuka ukuta kuja kunywa chai kwa mkono wa kushoto.

Tangu hapo sijamwambia hapana. Hakunikataza. Ni kwamba neno lenyewe likifika kooni linauona ule mkono, linarudi. Nilitaka kuhamia Mwanga nikafungue duka la vifaa vya sola, akasema kaeni karibu, tukakaa karibu. Mdogo wako alikuwa aitwe jina la babu yako. Mjomba akasema analo jina zuri zaidi, na ndilo tunalomwita. Nimekuwa mtu wa "hamna shida, shemeji." Nimelisema neno hilo hata pale ambapo shida ilikuwa imekaa katikati yetu inakunywa chai pamoja nasi.

Mwezi uliopita alipokuja akasema, "Shemeji, nimechoka na madereva wa kuokota. Nataka damu yangu kwenye usukani. Nipe Idrisa akakae Kalya," mama yako aliniangalia. Wewe ulikuwa mlangoni, unajifanya unafuta pikipiki ya watu.

"Na taa?" nikauliza. Hilo tu ndilo nililoweza.

"Wewe tena na taa?"

Mama yako akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha pangwa.

"Taa ni kuita watu, shemeji," akasema. "Mimi nishaitwa mara moja. Inatosha."

"Hamna shida," nikasema.

Usije ukaenda ukidhani mjomba wako ni mjinga. Baada ya ajali ile, majambazi wa ziwani walimfuata kweli, na walifuata taa kweli. Walimwelekezea bunduki, wakafungua mashine, wakaondoka nayo, wakamwacha yeye na wanawake na watoto wanaelea bila hata kasia hadi upepo ukawaonea huruma. Mtu aliyepitia hapo akisema heri giza, mimi sina kifua cha kumcheka. Sina dawa ya majambazi. Nimetafuta, na kila ninayoipata ni ya kusema ukiwa nchi kavu.

Lakini nina jambo jingine, na hili hukuwahi kulisikia kwa sababu sikuwahi kulisema. Kuna usiku niliitwa Katonga kurekebisha taa za wavuvi wa dagaa, nikakawia, wakasema basi twende naye atatengenezea hukohuko. Nikakaa nao ziwani chini ya taa zao. Unaziona kutoka pwani ukadhani wale watu wanaona kila kitu. Hawaoni. Taa ile ni ya samaki. Wewe uliyekaa chini yake, nje ya pale mkono wako unapoishia, dunia imekatwa. Wenye nyavu majini walitakiwa kuweka nyekundu juu na nyeupe chini ili wapitao wajue kuna kamba. Nani anaweka? Ni nyeupe tupu, moja, mia, ziwa zima nyeupe, na ndani yake kama kuna nyeupe moja inayotembea hutaijua.

Tulikuwa tunavuta wavu, mara boti yetu ikanyanyuliwa na wimbi, wavu ukavutwa upande, kijana aliyekuwa ukingoni akaangukia magoti. Hatukuona kitu. Tulinusa petroli. Wimbi likapita, dagaa zikatawanyika.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Pepo," akasema mwenye wavu, akitema mate. "Hupita hapa kila wiki. Siku moja litakula mtu."

Wakatukana kidogo, wakaanza upya. Ile mashine nimeifungua na kuifunga kwa mikono yangu, naijua inavyokohoa. Ilikuwa boti ya shemeji.

Niliporudi sikumwambia.

Sasa pepo hilo kesho dereva wake ni wewe.

Sitaki nikufundishe kama mwalimu, maana umeona mwalimu mwenyewe alijifunza vipi. Lakini ukiwa kwenye usukani, keti, tazama mbele, uone mikono yako. Kushoto nyekundu, kulia kijani. Usijifunze kwa kumtazama mwingine anayekujia, utanirithi. Ukiona zote mbili za mwenzio kwa pamoja, nyekundu na kijani, anakujia uso kwa uso. Kata kulia, naye akijua atakata kulia, mtapita nyekundu kwa nyekundu. Ukiona nyekundu yake peke yake ikiwa kuliani kwako, ni wewe wa kupisha. Punguza, pita nyuma yake, usishindane naye. Ukiona kijani yake kushotoni kwako, yeye ndiye wa kupisha, ila usimwamini hadi umwone amepisha. Nyeupe tupu inaweza kuwa mgongo wa boti, au kiboti kidogo cha polepole ambacho kinaruhusiwa kuwa nayo moja tu, au mtu wa dagaa, au jiko la mtu huko pwani. Ichukulie kuwa ni mtu. Na mtumbwi wa kasia hauna kitu hadi mwenyewe akuwashie tochi, na huyo hataiwasha kama hajui kwamba unakuja. Atajuaje?

Jambo la mwisho, halafu nimalize. Leo asubuhi nilimwambia mjomba wako naenda kuangalia betri ya boti, akanipa ruhusa. Betri niliiangalia. Halafu nikafunga taa. Nyeupe juu, nyekundu, kijani. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikitazama mbele wakati wa kufunga kila moja, wapakiaji wakaniona, wakanicheka, nikawaacha. Waya nimezipitisha chini ya mbao za sakafuni, na juu yake sasa hivi kuna magunia ya saruji na unga. Swichi sikuweka. Mashine ikiwaka zinawaka, mashine ikizimwa zinazimika. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtoto aliyeficha viatu vya mgeni. Nilifikiri mtaondoka, zitawaka, mjomba wako atakuwa yuko huku pwani hana la kufanya, na mimi nitakuwa sijamkatalia mtu yeyote kitu chochote.

Mama yako amepita hapa kuchukua kibiriti, akauliza naandika nini. Nikamsomea hapo juu, kuhusu waya.

"Kaka umemwambia?"

"Bado."

"Utamwambia lini?"

"Zikishawaka ataona mwenyewe."

Akasimama pale na kibiriti. "Kwa hiyo atakayeulizwa ni Idrisa. Kule Kalya, peke yake, kwenye nyumba ya watu."

Sikuwa nimefika huko.

"Wewe humo ndani ya boti hujatoka," akasema. "Sasa unamwingiza na mtoto." Akaenda zake jikoni.

Nimeacha barua hapa nikaenda ng'ambo ya ukuta. Sasa nimerudi.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anasikiliza taarifa ya habari. Akapunguza sauti.

"Karibu, shemeji. Betri imekufa?"

"Betri nzima. Nimefunga taa."

"Taa gani?"

"Zote. Mashine ikiwaka zinawaka. Hazina swichi."

Aliweka kikombe chini polepole.

"Kesho asubuhi kazing'oe."

"Hapana."

Idrisa, nilisikia neno hilo nikadhani kuna mtu ameingia nyuma yangu.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana, shemeji. Unapita katikati ya nyavu za watu. Nilikuwemo kwenye boti moja ulipopita. Hatukukuona, tulikunusa."

Redio ikaendelea kuongea peke yake.

"Na wakimfuata?" akauliza. "Wakimchukulia mashine?"

"Watachukua mashine."

"Wakimpiga risasi?"

Nilimwambia, "Sijui." Ni neno la kweli pekee nililokuwa nalo.

Akaniangalia sana. Mimi nilikuwa nautazama mkono wake, kama kawaida yangu, na nadhani kwa mara ya kwanza aliona kwamba nautazama. Akauweka chini ya shuka.

"Kumbe unaweza kukataa," akasema.

"Nimeanza leo."

"Umeanza na kubwa."

Baadaye akasema, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayegawa mizigo: "Mimi wa kung'oa siwezi, unajua kwa nini. Wewe hutaki. Amebaki mwenye usukani. Magunia matupu yamo botini. Akiona hatari atazifunika, akiona salama ataziacha. Boti ikiwa majini ni ya nahodha. Nitamwambia hivyo kesho, na sitaongeza neno." Halafu akaongeza neno: "Ila akipoteza mashine yangu, shemeji, tusije tukacheka tena."

Nilikwenda kukutoa kwenye kona. Nimerudi nikiwa nimekuacha ndani yake, tofauti ni kwamba sasa uko peke yako, sisi wawili tumetoka. Gunia naweza kulifikiria, siwezi kulifunga kwa waya. Kule mbele ya Katonga, taa za dagaa zikianza, mkono utakaolinyanyua gunia au kuliacha ni wako, na hakuna nitakachokuwa nimeandika hapa kitakachofika kwa wakati.

Lakini hili ulichukue. Ule mkono uliokunjika ni hesabu yangu na mjomba wako. Hukuwepo kwenye boti, hukukaa kwenye jiwe, hukufunga waya. Akikutazama akanyamaza, usijaze ule ukimya kwa "hamna shida." Mimi nimeujaza miaka yote na haujawahi kujaa. Ukifunika taa, funika kwa sababu wewe, macho yako mawili, umeona la kufunika. Ukiziacha, iwe hivyo hivyo. Usifanye lolote kati ya hayo kwa ajili ya kumlipa mtu wema aliomtendea baba yako.

Kesho sitapanda botini kukuaga, mama yako atapanda, na atalia, mpe nafasi. Mimi nitakuwa mwaloni, nyuma ya watu, pale wanapoanikia nyavu. Boti itatoka moja kwa moja ziwani, nitaona mgongo wake na nyeupe yake, kama mtu yeyote anayeondoka. Kisha utageuka kusini. Hapo ubavu wako wa kushoto utaielekea Ujiji, na nyekundu itatokea chini ya ile nyeupe, itembee kuelekea mkono wangu wa kushoto hadi rasi iifiche. Nikiiona, nitarudi nyumbani nikale. Nisipoiona nitaendelea kusimama palepale, maana nitakuwa sijui kama umeshaipita rasi au bado.

Baba yako,
ukutani kwa Sudi, Ujiji